Kiingereza cha Mlimani

Masika haya nimepanda nyumbani kwa wiki mbili, na kama wewe ni mtu wa Moshi unajua masika ya kule juu yalivyo. Mjini unaacha manyunyu tu. Ukifika kwetu unakuta ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, na njia ya kuingia kihambani, shambani kwetu, imekuwa utelezi mtupu. Nilivua viatu mlangoni kama nilivyozoeshwa tangu utoto. Harufu ilikuwa ile ile ya samadi ya ng'ombe, migomba inayooza na moshi wa kuni zisizokauka vizuri. Mama alikuwa amepika mtori wa ndizi na nyama. Nilikula mabakuli mawili nikiwa nimekaa kwenye kigoda, mvua ikipiga bati, na kwa dakika kadhaa nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikimsubiri baba amalize kula ili nimfundishe Kiingereza.

Usicheke, rafiki yangu. Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto alikuwa mwalimu na baba mwanafunzi.

Watoto wenzangu waliyachukia masika. Majani ya ng'ombe yalikuwa mazito kwa maji, ukiyabeba kichwani yanakuchuruzikia mgongoni hadi kiunoni, na mfereji uliopita nyuma ya nyumba ulifurika ukaleta matope jikoni kwa bibi. Mimi niliyapenda kwa sababu moja tu. Wageni wa mlima walipungua, na baba alikaa nyumbani.

Miezi mingine alikuwa mtu wa kupita. Baba alikuwa mpagazi. Alibeba mahema, majiko na masanduku ya vyakula ya wageni wanaopanda mlima, siku sita, siku saba, kisha akarudi uso umebabuka kwa jua na baridi, akalala mchana kutwa, akaondoka tena. Utosini, pale mzigo unapokaa, alikuwa na upara mdogo wa duara kama kifuniko cha chupa ya soda. Mama alikuwa akimkanda shingo kwa mafuta ya kondoo yaliyopashwa moto, naye anasema taratibu, taratibu. Magoti yake yalilia akichuchumaa. Sisi watoto tuliyasikia tukacheka, na yeye akacheka nasi.

Njia ya kuutua mzigo ule ilikuwa moja, nayo ni leseni ya kuongoza wageni. Kiongozi habebi hema wala jiko, hubeba begi lake mwenyewe. Hutembea mbele, huzungumza na wageni, huwaangalia afya. Baba alikuwa ameipanda ile njia mara nyingi kuliko walivyopanda baadhi ya viongozi waliokuwa wakimtuma maji. Kilichokuwa kimebaki ni usaili, na usaili ulikuwa wa Kiingereza.

Na Kiingereza alikuwa nacho. Alikuwa nacho kwenye daftari la kurasa nyingi, lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni ili lisilowe. Aliandika kwa penseli, herufi kubwa kubwa za mtu aliyeishia darasa la saba. Upande mmoja neno, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili. Sipi-sipi: kunywa maji kidogo kidogo njia nzima, usisubiri kiu. Legi-finishi: mgeni ambaye miguu imegoma lakini moyo bado unataka. Ti-blanketi: chai ya tangawizi anayopewa mgeni akishaingia kwenye hema anatetemeka. Baadhi aliyaokota kwa wapagazi wenzake, mengi aliyatunga mwenyewe kule juu, alipotaka kusema jambo na hana neno la kulisemea. Aliyajaribu kwa wageni, na yale waliyoyaelewa ndiyo aliyoyaandika.

Wakati huo nilikuwa nakaa Njoro, mtaa wa Moshi mjini, kwa shangazi, nikisoma shule ya Kiingereza. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa somo hilo, na ukiwa wa kwanza katika umri ule unakuwa hatari kwa watu wako. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mwembamba, mkali, mwenye haki. Kalamu yake nyekundu haikumwonea mtu haya. Ukimletea neno la kujitungia alikuwa na msemo wake: neno lisilo kwenye kamusi ni kelele. Mwisho wa muhula alinipa kamusi kama zawadi, ikiwa na jalada gumu na jina langu limeandikwa ndani kwa mwandiko wake. Niliibeba kifuani njia nzima ya kupanda nyumbani likizo ya masika, nikaifunika kwa sweta mvua ilipozidi, mimi mwenyewe nikalowa.

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Aliifungua, akainusa, akairudisha kwangu, kisha akaenda chumbani na kurudi na daftari lake. Alisema usaili ni baada ya masika, na kwamba hakuna mwalimu mwingine anayemtaka isipokuwa mimi. Aliniita mwalimu mbele ya bibi. Sijawahi kuvishwa cheo kikubwa kuliko hicho, na sasa nina vyeti vingi ukutani.

Tulikaa mezani sebuleni, mahali penye mwanga wa dirisha. Nilichukua neno la kwanza, nikalitafuta kwenye kamusi, sikulipata. Nikachukua la pili. Kalamu nyekundu nilikuwa nayo, nilikuwa nimeinunua mahsusi. Nikapiga mstari. Ukurasa wa kwanza ulipoisha ulikuwa mwekundu mtupu, na baba alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ngumi anatazama tu. Mara moja moja aliuliza, "Na hili pia?" Nami nikasema hili pia.

Neno moja ndilo alilolipigania. Lilikuwa hedi-dansi. Maana yake, kwa mujibu wa daftari, ni kichwa kumzunguka na kumuuma mgeni kwa sababu ya kwenda juu kulikozidi pumzi zake. Nilikwisha kuiweka kalamu juu yake aliponishika mkono.

"Ngoja, mama," alisema. "Hilo niachie. Wale watu wamelipia safari, wametoka mbali, wamewaaga ndugu zao. Ukimuuliza mgeni kwa Kiingereza cha hospitali kama anaumwa kichwa, atakukatalia. Anajua akikubali utamshusha. Lakini ukimuuliza, rafiki, hedi-dansi? Atacheka. Akishacheka atakwambia kweli. Mimi nimeshusha watu kwa neno hilo, wangefia kule."

Nilimsikiliza, nakiri nilimsikiliza. Kisha nikamwonyesha kamusi, ukurasa ambao neno lile lingekuwepo, nikapitisha kidole toka juu hadi chini. Halimo, nilisema. Nikaongeza msemo wa mwalimu wangu, kwamba neno lisilo humu ni kelele. Baba aliutazama ukurasa muda mrefu. Akaachia mkono wangu, nami nikapiga mstari.

Bibi alikuwa karibu na mlango anamenya ndizi za kiburu, zile za kupikwa na maharage. Yeye Kiingereza hakujua hata salamu, na Kiswahili chenyewe alikiongea kwa mashaka.

"Kwani hao wageni," aliuliza, "akiwaambia hivyo hawamwelewi?"

"Wanamwelewa, bibi. Lakini si sahihi."

"Aa," alisema bibi, akaendelea kumenya ndizi.

Nilimtengenezea baba daftari jipya. Nililipiga mistari kwa rula, nikaandika sentensi ndefu zilizonyooka, mwanzo herufi kubwa, mwisho nukta. Mgeni akiugua, useme hivi. Hali ya hewa ikibadilika, useme hivi. Kila siku baada ya kukata majani ya ng'ombe tulikaa akazikariri. Alikuwa mwanafunzi mtiifu kuliko wote niliowahi kufundisha. Alisimama kama darasani, mikono nyuma, akakunja uso akizitafuta zile sentensi, na akikosea alianza upya tangu mwanzo bila kuambiwa. Akiteleza likamtoka neno la zamani, nilifyonza meno kama mwalimu wangu, naye akasema samahani mwalimu. Tulicheka sana siku zile. Sikuona kwamba amekuwa mzito wa kusema. Mtu aliyekuwa akitusimulia mlima kwa mikono, macho na Kiingereza chake cha kurukaruka, sasa alikuwa anapima kila neno kabla halijatoka.

Lile daftari la zamani mama aliuliza alifanyie nini. Baba akasema, "Washieni moto, si tuna jipya?" Karatasi kavu ilikuwa adimu masika. Mama alilitumia ukurasa mmoja mmoja, wiki nzima, na mtori wa wiki ile nilikula vizuri tu.

Siku ya usaili baba alivaa shati jeupe na koti la harusi yake. Aliondoka asubuhi na jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, mpagazi mwenzake, mtu mcheshi ambaye hata penseli alikuwa haijui vizuri. Nilikuwa nimerudi kwa shangazi shuleni. Nilimwambia kila mtu darasani kwamba baba yangu anakuwa kiongozi wa mlima. Jumamosi nilipopanda nyumbani nilimkuta anapalilia kahawa. Alisema gari liliharibika njiani, wakatembea, jirani akatangulia kwa sababu yeye goti lilimsumbua, na alipofika walikuwa wameshafunga mlango. Jirani alipata leseni. Bahati yake, alisema baba. Mwakani nitajaribu.

Mwakani hakujaribu, wala mwaka uliofuata. Alibeba mizigo miaka mingi baada ya hapo. Alibeba hadi shingo ikakataa kugeuka kushoto, hadi akawa anashuka ngazi ya kibaraza kinyumenyume kama mtoto anayejifunza. Mizigo ile ndiyo iliyonisomesha hadi nikawa mwalimu wa Kiingereza wa kweli, na nyumba yangu ya Soweto, pale mjini, inasimama juu ya kichwa chake. Kitu kimoja nilikiona na sikukijali. Hakuwahi tena kusema neno la Kiingereza mbele yangu. Nikija na rafiki anayezungumza Kiingereza, baba alisalimia kwa Kiswahili, akaomba radhi, akaenda kuangalia ng'ombe. Nilidhani ni uzee. Wakati mwingine, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Alipougua mwisho alilazwa mjini. Alikuwa anashika kichwa, lakini kila muuguzi akimuuliza alisema hajambo, anataka kurudi nyumbani, kahawa inaiva. Daktari kijana alikata tamaa. Aliniambia, jaribu wewe, kwako atasema. Nilikaa kitandani kwake nikamshika mkono, na sijui neno lile lilitoka wapi, maana lilikuwa limekaa miaka yote ile bila kuguswa. Nikainama nikamuuliza kwa sauti ya chini, baba, hedi-dansi?

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeulizwa jambo la aibu mbele za watu. Akasema kwa upole kabisa, upole ambao bado naamka nao asubuhi, "Hilo si neno, mama."

Alifariki siku chache baadaye. Daktari alisema hata angekubali mapema isingesaidia. Nilimwamini, kwa kuwa nilihitaji kumwamini.

Nirudi kwenye masika haya. Siku ya tatu nikiwa nyumbani, jirani yule wa ng'ambo ya mfereji alikuja kunisalimia. Naye amestaafu, anatembea kwa fimbo mbili, na masharubu yamekuwa meupe. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia "Marahaba, mwalimu," akakaa kwenye kigoda cha baba. Mama alimtilia mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo kwenye kata. Alikunywa, akasifia mvua, akauliza bei ya kahawa ambayo anaijua kuliko mimi. Mama alipotoka kwenda kwa ng'ombe, aliweka kata chini.

"Mwalimu," alisema, "siku ile gari halikuharibika."

Sikumwelewa kwanza. Akarudia kwamba siku ya usaili gari halikuharibika. Walifika mapema wote wawili, wakakaa benchi moja, baba akiwa na daftari langu mkononi anatikisa midomo. Baba aliitwa wa kwanza. Mlango haukufungwa vizuri, na jirani alisikia yote.

"Walimuuliza swali jepesi, mwalimu. Mgeni amekaa kwenye jiwe, hasemi, utamuuliza nini? Swali hilo ni la baba yako. Sisi wote tulijifunza kwake. Nikamsikia anaanza, he, halafu akakata. Akaanza tena, he, akakata. Nikawa najiambia, sema mzee, si unalijua? Wakamuuliza mara ya pili. Kimya. Mwisho akasema kwa Kiswahili, samahanini, nimesahau."

Mvua ilikuwa imepungua. Nilitaka iongezeke nisimsikie.

"Akatoka, nikaingia mimi. Swali ni lile lile. Mimi daftari sina, mtoto wa kunifundisha sina. Nikawaambia, namuuliza, rafiki, hedi-dansi? Wale watu walicheka, mwalimu. Mmoja akapiga meza. Akasema huyu anawajua wageni, mpeni karatasi yake." Alijifuta uso kwa kiganja. "Neno la baba yako ndilo lililonipa leseni. Nimekula nalo maisha yangu yote."

Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Alinitazama kwa mshangao kidogo, kama vile nimeuliza jambo la wazi.

"Alinikataza. Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani alinipongeza, akanipa mkono. Kisha akasema, nakuomba kitu kimoja, mtoto asijue. Anapenda shule yule. Akijua atakiogopa Kiingereza, na mimi nataka akipende. Na kule juu hakuacha maneno yake, usidhani. Kila safari niliyoongoza nilimchukua. Wageni walimpenda kuliko mimi. Ila alituambia sote, tukikutana mjini na binti yangu, nisemesheni Kiswahili."

Ndipo nikalia, rafiki yangu. Nililia kwa sauti, mtu mzima na vyeti vyangu, mbele ya mzee wa watu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na watu huyatamka maneno hayo kirahisi. Mimi nimemnyang'anya baba yangu ulimi wake kwa kalamu niliyoinunua mwenyewe, yeye akanishukuru, akaniita mwalimu, akabeba mahema miaka mingi ili nisijue nilichofanya. Mzee hakuniambia nyamaza. Alisubiri hadi nilipomaliza, akaninyooshea kata yake ninywe.

Nilimwomba anikumbushe maneno ya lile daftari. Nilileta karatasi, nikakaa miguuni pake, na safari hii kalamu yangu ilikuwa ya kuandika tu. Mimi nilikuwa na manne: hedi-dansi, sipi-sipi, legi-finishi na ti-blanketi. Yeye alikuwa na mawili niliyokuwa nimeyasahau. Upepo laini unaokuja jua likishatoka baba aliuita windi-mama. Ule wa kule juu kabisa, unaomwangusha mtu mzima, ni windi-baba. Tuliwaza mchana kutwa. Alifumba macho, akapanda njia yote kichwani, kambi hadi kambi, akitafuta palipokuwa na neno. Alikumbuka mahali baba aliposimama, aliyekuwepo, hata chakula cha siku ile. Neno lenyewe hakulipata.

Nimewauliza wengine tangu siku hiyo. Wapagazi wa umri wao wengi wameshazikwa, na waliobaki wanacheka, wanasema ah, mzee yule alikuwa na maneno, kisha wanashindwa kutaja hata moja. Vijana wanaoongoza sasa wamesoma vyuo, baadhi nimewafundisha mimi. Wanamuuliza mgeni kwa Kiingereza safi kama anaumwa kichwa, na mgeni anawajibu kwa Kiingereza safi kwamba ni mzima. Nimewaambia neno la baba. Wameliandika kwa adabu, kama wanavyoandika kila ninachosema.

Lile daftari lilikuwa na kurasa nyingi. Nilizipitia zote, mstari kwa mstari, na ninakumbuka wekundu wake vizuri kuliko maandishi yaliyokuwa chini yake. Maneno sita ndiyo tuliyookoa. Mengine yote baba amekwenda nayo, na mimi ndiye niliyemwambia hayapo.